Baki Ni Nani?

Mradi wa gesi wa Afungi ulikadiriwa mwaka 2019 kugharimu dola bilioni 20. Namba hiyo, 20,000,000,000, ina vigawo tasa viwili tu, 2 na 5. Ukiigawa kwa 3, hubaki 2. Kwa 7, hubaki 1. Wenyeji walihamishiwa hapa Quitunda kuupisha mradi. Wavuvi walipewa nyumba, wakawekwa mbali na bahari. Je, wao ndio baki? Nakataa. Baki hutokana na namba yenyewe, wala halina wa kulaumiwa. Lakini hesabu haichagui itagawa kwa wangapi. Binadamu ndiye huamua nani ahesabiwe. Basi aliyeachwa nje ya mgawo hakuachwa na hesabu. Ameachwa na mtu, na mtu huulizwa.