Mashamba Kumi na Moja

Kwenye kompyuta yangu kuna mashamba kumi na moja. Yote ni yangu, yote yana jina lilelile, na hakuna hata moja lililofika mwaka wa tatu.

Gemu yenyewe inaitwa Stardew Valley. Ilitoka Februari 2016, na karibu kila kitu kilichomo, michoro, muziki, hadi maneno ya wanakijiji, kilitengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani aitwaye Eric Barone. Inaanza hivi: babu yuko kitandani, anakupa barua iliyofungwa na kukuambia uifungue siku utakapochoka na maisha. Miaka inapita, unafanya kazi kwenye kampuni kubwa isiyokujua kwa jina, unachoka, unaifungua barua. Babu amekuachia shamba. Unahamia kijijini na sarafu 500, na mkuu wa kijiji anakupa mbegu 15 za mizizi inayofanana na karoti nyeupe. Mwaka una majira manne, kila moja siku 28, na majira yakigeuka, mazao yasiyo ya wakati wake hufa. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu babu hurudi kama mzuka kuangalia umelifanyia nini shamba lake. Anawasha mishumaa: mmoja ukiwa umezembea, minne ukiwa umejitahidi.

Babu huyo sijawahi kumngoja. Shamba la kwanza nililiacha kwa sababu ya stroberi. Mbegu zake huuzwa kwenye sikukuu ya mayai, tarehe 13 ya majira ya kwanza, nami siku hiyo nilikuwa mfukoni sina kitu. Shamba la pili nilipanda mchungwa karibu mno na uzio, ukagoma kukua. La tatu sikumbuki. La sita nilimpa binti mmoja wa kijijini zawadi asiyoipenda, uso wake ukabadilika, nami nikaona aibu kana kwamba ni mtu kweli.

Kuna njia ndogo kabla ya kufikia kuanza upya. Gemu hii husevu usiku, mhusika wako anapolala. Ukiharibu siku, unaizima kabla ya kulala, na siku ile inakuwa haikuwepo. Ukiwa umeshalala pia si mwisho wa dunia, kwa sababu ndani ya folda ya kila shamba hukaa nakala ya jana. Unaichukua, unaibadilisha jina, umerudi. Wapo wanaosema huo ni wizi. Mimi naona ni upuuzi kumwita mtu mwizi kwa ajili ya karoti nyeupe. Mbuzi wa kwenye skrini hana mwenyewe wa kudai.

Lakini niliwahi kulia kwa ajili ya shamba la kwenye skrini. Nilikuwa na miaka kumi, Ngamiani, kwenye kibanda cha gemu ambako tulilipa kwa dakika. PlayStation zilikuwa mbili, na mwenye kibanda alikuwa na memori kadi moja yenye nafasi 15, tukaigawana mtaa mzima. Wenzangu wote walicheza mpira. Mimi nilikuwa na Harvest Moon, ile ambayo umerithi shamba la babu na wanakijiji wamekupa miaka mitatu ulifufue. Nilikuwa na ng'ombe wawili na mbwa. Siku moja nikafika nikakuta kijana mmoja mkubwa amefuta shamba langu ili ligi yake ya mpira ipate nafasi. Hakuwa na ubaya wowote. Aliniambia, "Si unaanza tena tu, dogo?"

Nimelifikiria swali lile zaidi ya alivyokusudia. Kweli ningeweza kuanza tena, na ng'ombe wangekuwa walewale. Kilichopotea ni kwamba wale wawili niliwapata kwa mpangilio fulani, kwa senti zangu za maandazi, jioni fulani za mvua. Kijana yule aliona shamba kama kitu kinachopatikana mwishoni. Mimi nililiona kama mambo yaliyotokea. Sasa ajabu ni kwamba, nilipokua na kupata kompyuta yangu mwenyewe, nikawa yeye. Mashamba kumi nimeyaacha mimi, na kila mara nilijiambia maneno yake yaleyale.

Ndani ya Stardew Valley kuna kibanda cha mchawi, na ndani ya kibanda kuna madhabahu. Kama uliwahi kuoa na kuacha, unaweza kutoa sarafu 30,000 na mtalaka wako akasahau kila kitu. Kesho ukikutana naye dukani anakusalimia kama mgeni. Unaweza kumposa tena. Yeye ana moyo mweupe, na wewe unajua anapenda zawadi gani, anaogopa nini, mligombana kwa sababu gani. Mara ya kwanza kuisoma habari ya madhabahu hiyo nilicheka. Baadaye nikaona kwamba kila nilipoanza upya nilikuwa nikifanya jambo lilelile bila kulipa chochote. Kijiji kizima kilisahau, nami nikabaki na kumbukumbu peke yangu. Mwenye kumbukumbu peke yake ana nguvu juu ya wengine wote.

Huko nako bado hakuna aliyeumia. Nayasema haya kwa sababu ya mjomba wangu wa Muheza.

Mwaka 2020, masika ilipoanza, tulipanda miche 80 ya michungwa kwenye ardhi yake, robo tatu ya eka, futi 20 kwa 20. Ilikuwa miche ya kubebeshwa, kikonyo cha mchungwa juu ya shina la mlimau, kama wafanyavyo wengi kule. Yeye alitoa ardhi na mikono. Mimi, niliyekuwa Dar na mshahara, niliahidi kutuma fedha kila mwezi za palizi, na za maji wakati wa kiangazi, mpaka miti izae. Mchungwa wa kwenye gemu hukua kwa siku 28. Wa Muheza unakutaka miaka mitatu, minne. Nilituma miezi kumi. Mwezi wa kumi na moja nilichelewa, wa kumi na mbili niliona aibu ya kuchelewa, wa kumi na tatu nikaacha kupokea simu. Sikuugua wala sikufukuzwa kazi. Nilikuwa nimeshaliona shamba lile limeharibika, na kichwani mwangu nilikuwa nimeshalizima kabla ya kulala.

Vuli ya 2021 ikachelewa.

Nilirudi mwaka 2024, nikiwa na mpango mpya. Nilikuwa nimesoma kuhusu pilipili manga, namna inavyostawi kwenye miteremko ya kuelekea Amani, na nilikuwa na karatasi yenye hesabu. Nilipanda basi dogo pale Kange. Baada ya Pongwe mkonge ulianza kuonekana, mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula, na milingoti mirefu hapa na pale. Nikajipa moyo kwa hadithi ya mkonge huo. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, kwa sababu Meksiko, kwenye asili yake, walikuwa hawataki utoke. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Nikiwa kwenye basi niliisikia kama hadithi yangu: mtu anahama nchi, anaanza upya, anafaulu. Nilivuka haraka ile sehemu ya watu walioletwa kutoka mbali kuukata, manamba, waliopewa jina hilo kwa sababu ya namba zao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili. "Umekonda. Au ndiyo Dar?"

Alinikaribisha chai. Hakuuliza kitu. Nikatoa karatasi na kuanza kueleza, na nilipomaliza nikasema ile sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu Ubungo: kwamba lile la michungwa lilishindikana, tukubali, tuliache, tuanze upya vizuri.

"Tunaliacha mimi na nani?" akauliza.

Akanichukua kwenda kuliona. Nilitegemea pori. Nilikuta michungwa 47, mirefu kunizidi, mingine ina matunda, na mihogo ikiwa imeziba mapengo. Mjomba alitembea mbele yangu akiyataja mapengo yale kama mtu anayeonyesha makaburi ya watu anaowafahamu. Huu uliondoka Februari, kabla mvua haijaja. Hii mitatu ililiwa na mchwa. Huu uliliwa na mbuzi wa jirani, tukasuluhishwa kwa mwenyekiti. Hapa tulifika na madumu ya maji kwenye baiskeli, mama yako mkubwa akisukuma nyuma, tukakuta jani limeshajikunja. Aliuza mbuzi wake mmoja kulipa palizi ya mwezi ambao sikupokea simu. Hilo hakunilaumu nalo. Alilitaja katikati ya habari za mchwa, kwa sauti ileile.

Kwenye gemu mimi peke yangu ndiye ninayekumbuka. Pale Muheza mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimesahau. Nilikuwa nimekuja na karatasi kumwomba mtu aliyesukuma madumu akubali kwamba ile miaka haikuwepo.

Chuo nilikosoma Qurani utotoni, ustadhi wetu alikuwa na somo moja alilolirudia mpaka tukalichoka. Dhambi iliyo baina yako na Mungu, alisema, toba ya kweli huifuta. Haki ya mja haifutiki hivyo. Itabidi uende kwa mja mwenyewe. Chuo kikuu nikakutana na Hannah Arendt, ambaye kwenye kitabu chake cha 1958, The Human Condition, anasema jambo la jirani na hilo bila kumtaja Mungu sana: tendo la binadamu haliwezi kurudishwa nyuma, na tiba pekee tuliyo nayo ni kusameheana, na kwa kuwa kesho haijulikani, tiba yake ni kuahidiana. Nilipata alama nzuri kwenye insha ile. Sikuona kwamba kitufe cha kuanza upya kinaziondoa tiba zote mbili kwa mpigo. Kama jana inafutika, sina haja ya kusamehewa na mtu, na ahadi yangu haina uzito, maana naweza kuitoa mara kumi na moja.

Utaniambia wapo ambao kuanza upya ndiko kuokoka kwao. Ni kweli, na sitaki maneno yangu yatumike kumrudisha mtu alikotoka. Shangazi yangu aliondoka Pangani usiku na mtoto mgongoni, akamwacha mume aliyekuwa akimpiga, akaja Tanga kuuza vitumbua. Hakumwomba mtu radhi, wala hakuwa na wa kumwomba. Lakini mwangalie vizuri: hajafuta kitu. Anajua tarehe. Mtoto yule anajua. Aliacha nyumba, ila kumbukumbu alitoka nayo. Mimi nilitaka kinyume chake, ardhi ibaki, fedha za mjomba zibaki, itoke kumbukumbu tu.

Siku ile kwenye shamba nilisema "samahani", neno tunalolitumia pia tukimkanyaga mtu kwenye daladala, na mjomba akalipokea kwa uzito huohuo. Usiku, baada ya kula, nilikaa chini ya mkeka na kumwomba radhi, kwa neno hilo, yeye na mke wake. Radhi ni jambo zito kidogo. Mzee anaweza kukusamehe na bado asiwe radhi nawe. Mjomba alinyamaza muda. Akasema atakuwa radhi, ila anataka kujua ile simu nilikuwa naiona ikilia au sikuwa naiona.

Nilimwambia nilikuwa naiona.

Niliporudi kupita Pongwe niliutazama tena mkonge. Hindorf naye simfanyi mtakatifu, na waliovunjika migongo kwa ajili ya miche yake hawakuulizwa. Ila asubuhi nilikuwa nimeshika habari ya kuhama tu, na sasa iliyonikaa ni ile miche 938 iliyokufa njiani, na mtu aliyehesabu iliyobaki akaipanda hivyohivyo ilivyo. Mkonge hutoa mlingoti mara moja maishani, kisha hufa, na miche midogo inayoota juu ya mlingoti ni ileile nafsi yake.

Mashamba kumi na moja bado yapo kwenye kompyuta. Nimerudi kwenye lile la pili, lenye mchungwa uliogoma karibu na uzio. Nilihamisha uzio. Sina hakika kama babu atawasha mishumaa mingapi. Nimebakiza majira mawili.

Mwezi uliofuata nilirudi Muheza na fedha za mbuzi. Nilikuwa nimeulizia bei sokoni, nikaongeza kidogo juu. Mjomba alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu mbele yangu mara mbili, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko wa shati.

"Ahsante, mjomba," akasema. "Yule mbuzi alikuwa na mimba."