Je, Ni Haki Kumchora Adui kuwa Mnyama?

Tuseme, msomaji, kwamba mtu amewaua jamaa zako, nawe huna bunduki, ila una brashi na rangi. Je, una ruhusa ya kumchora kwa namna yo yote uipendayo?

Jambo hili lilimfika Arthur Szyk, Myahudi aliyezaliwa Łódź, Poland, mwaka 1894. Alihamia Marekani mwaka 1940, akawachorea wenye magazeti picha za vita. Alitumia wino na rangi za maji kwa uangalifu mwingi, hata vifungo vya makoti vikahesabika, mfano wa mapambo ya vitabu vya kale. Wakuu wa Wanazi aliwafanya vichekesho. Mama yake aliondolewa katika mtaa waliofungiwa Wayahudi wa Łódź, akauawa. Mimi simlaumu mwana kwa hasira ya namna hiyo.

Lakini litazame jalada la gazeti la Collier's la tarehe 12 Desemba 1942. Popo anaruka juu ya Pearl Harbor, amechukua bomu, na uso wake ni wa mwanajeshi wa Kijapani. Nilipolionyesha darasani wanafunzi walicheka, na mimi (siwafichi) nilicheka pamoja nao, maana kazi yenyewe ni nzuri mno. Kisha mmoja akauliza, "Mwalimu, huyu jina lake nani?"

Hitler aliyechorwa na Szyk ni Hitler, mtu awezaye kushtakiwa kwa matendo yake. Popo je? Mnunuzi wa gazeti hakuombwa amtenge jemadari na mkulima wa mpunga, wala na mtoto wa Kijapani aliyezaliwa California. Mwaka ule ule watu wapata 120,000 wa asili ya Kijapani walitolewa majumbani mwao katika pwani ya magharibi ya Marekani, wakatiwa makambini. Na wengi wao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Picha haikuwatoa, kwa kuwa amri ilitangulia, mwezi wa Februari. Walakini aliyekwisha kuzoea kuona popo hashtuki jirani yake anapochukuliwa. Serikali iliomba radhi mwaka 1988.

Linalonisumbua ni kwamba Szyk hakuwa mtu wa kubagua rangi. Mwaka 1944 alichora askari wawili wa Kimarekani, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Mweupe amwuliza mwenzake angemfanyia nini Hitler. Mweusi ajibu kwamba angemgeuza kuwa mtu mweusi, kisha amtupe mahali fulani katika Marekani.

Mtetezi wake ataniambia kwamba huko Pearl Harbor watu zaidi ya 2,400 waliuawa kwa ghafula, na ya kuwa vita havingoji mchoraji apime kila bawa. Namsikia. Hata hivyo, mkono ulioweza kumpa yule askari mweusi uso wake na ulimi wake mwenyewe ungaliweza pia kumpa mwenye bomu jina lake.