Mlango wa Mwajuma

Nilicheka. Wiki nzima sasa najiuliza nilicheka nini.

Vijana wa jengo letu hapa Ganjoni wamezua jambo. Kila Ijumaa baada ya Isha hutundika shuka jeupe juu ya paa, kwenye kamba zile zile tunazoanikia nguo, wakawasha projekta ya kuazima na kutuonyesha filamu. Kina mama hupanda na viti vya plastiki, watoto na mabuyu, na daima yupo aliyepitia ufukweni Mama Ngina akaja na mihogo ya pilipili na ndimu. Upepo ukivuma kutoka kivukoni, shuka hufura kama tanga, na mwigizaji aliyekuwa mwembamba ghafla huota mashavu. Feri ya Likoni nayo hupiga honi pale pale panapotakiwa kimya. Tumezoea.

Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu ya Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021. Tulikuwa tumefika pale ambapo Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa mzee, keshamkimbia mumewe. Jirani yetu mmoja, mtu mzima tunayemwita Maalim, muungwana wa watu, mwenye kuwalipia karo watoto wasio wake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili: "Angekuwa mwanangu huyo, usiku huu huu namrejesha kwa mumewe, na tuktuk namlipia mimi!"

Paa zima likaangua kicheko. Mimi nikacheka kuliko wote, hata muhogo ukanipalia.

Wiki moja kabla ya hapo, chini ya shuka lile lile, tulikuwa tumetazama Nawi, ya mwaka 2024, iliyopelekwa na Kenya kuwania Oscar. Nawi ni binti wa Kiturkana wa miaka 13, amefaulu mtihani wa darasa la nane kwa alama za kutajika, na anatamani kwenda sekondari Nairobi. Babake anapatana bei na mzee mmoja: kondoo 60, ngamia 8, mbuzi 100. Usiku ule hakucheka mtu. Michelle Lemuya Ikeny, msichana aliyeigiza kama Nawi, ana namna ya kukodoa macho bila kusema neno ambayo ilituziba midomo sote. Maalim mwenyewe alipangusa miwani mara mbili. Tuliposhuka ngazi akatikisa kichwa: "Masikini. Hawa wenzetu wa kule bado."

Hawa wenzetu wa kule! Basi Nawi tulimhurumia kwa kuwa yuko Turkana, mbali, kwenye vumbi na ngamia. Yasmin tulimcheka kwa kuwa anafanana na sisi: vibaraza vyake ni vibaraza vyetu, buibui zinazopita ni zetu, na mzee aliyemuoa twamjua, tumeshapiga naye kahawa. Huruma yetu ilihitaji umbali wa Lodwar ndipo ikaweza kutoka.

Mtu ataniambia, ewe mwandishi, hayo ya Yasmin ni ya enzi za Mwingereza. Ni kweli, kisa ni cha miaka ya mwisho ya ukoloni Unguja. Lakini katika riwaya ya Adam Shafi iliyozaa filamu hiyo, Yasmin anaozwa na miaka 15. Sasa chukua Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971, iliyotungwa na taifa huru, uone iliruhusu msichana aolewe akiwa na umri gani kwa ridhaa ya wazazi: miaka 15. Ilibidi mwanaharakati Rebeca Gyumi aende mahakamani, akashinda mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, na rufaa ikatupwa mwaka 2019. Mwaka 2019 si enzi za Mwingereza. Sisi wa Kenya tuna sheria ya mwaka 2014 inayosema miaka 18 bila kumung'unya maneno, na bado filamu kama Nawi haikulazimika kubuni mengi.

Nirudi kwenye riwaya, maana usiku ule wa kicheko sikulala hadi nilipoitoa kabatini. Nakala yangu haina jalada, na imeliwa na mende pembeni. Ilitoka mwaka 1999, na nimeisoma labda mara nne. Safari hii niliisoma kwa jicho la mtu aliyetoka kuona filamu yake, na nilijikuta nikigombana na filamu kama ndugu wanavyogombana juu ya mama yao.

Filamu ni nzuri. Nasema hivyo mapema nisije nikaambiwa nina choyo. Kila picha imepangwa kama ya kutundikwa ukutani: kandili, moshi, maji ya bahari usiku. Siti Amina, mwimbaji wa taarabu, ndiye Mwajuma, na akiwapo yeye hata upepo wa kivukoni haulifurishi shuka. Lakini filamu imempenda Denge. Denge ndiye mwanaharakati anayesakwa na wakoloni, kijana mwenye maneno machache na makali, na filamu inamzunguka kama nondo na taa. Ukitoka pale unadhani Yasmin alimkimbia mume mzee apate kukutana na mpenzi kijana, na kwamba mapenzi yakichanganywa na siasa ndiyo uhuru wa mwanamke.

Riwaya haikusema hivyo. Katika riwaya, kwanza, Mombasa tumo, na tumo vibaya. Bwana Raza, yule mume mzee, anahamia huku na mkewe kutafuta maisha, na ni huku kwetu Yasmin anakotoroka. (Filamu yenyewe imekaa Unguja. Sijui nishukuru au nikasirike: mji wangu umeachwa nje, lakini umeachwa nje kwa kuwa ni mji wa kukimbiwa.) Anavuka bahari kurudi kwao, na kwao wanamkataa. Ameitia familia aibu, hana pa kuingilia. Hapo ndipo anapokwenda Ng'ambo, kwa shoga yake Mwajuma, na Mwajuma anamfungulia.

Mwajuma hana kitu, na sifa zake mtaani si za kuozesha mtu. Anapenda ngoma, anapenda starehe, mdomo wake hauna kizuizi. Wenye heshima zao ndio waliofunga milango, na huyu tuliyefundishwa tusimtolee binti zetu mfano ndiye anayesema karibu. Na Shafi hana haraka hapo. Anatuacha tukae na wanawake wawili wanaojifunza kuishi pamoja, mmoja aliyezoea kupikiwa na mwengine aliyezoea kukopa. Denge anakuja baadaye, na anaondoka: kifungo, kutoroka, uhamishoni. Yasmin anabaki na maisha yake, na mwisho anaolewa na mwengine kabisa, Bukheti. Mpenzi alipita, na mlango wa Mwajuma ulikuwa umefunguka kabla yake.

Najua nitakavyojibiwa: riwaya ina kurasa mia kadhaa, filamu ina dakika tisini na kitu, usitake kutia bahari kwenye gudulia. Haya. Lakini kupunguza ni kuchagua, na mwenye kuchagua huulizwa. Alipotakiwa kuchagua kati ya kubusiana na kupewa pa kulala, mwelekezaji alichagua busu. Mimi ningechagua mkeka.

Labda nasema hivi kwa sababu ya mama yangu. Mama alikuwa mtu wa sinema, wa enzi zile za majumba ya Regal, Naaz na Majestic, majina ambayo siku hizi yamebaki midomoni mwa watu wazima. Mother India, ile ya mwaka 1957 ya Nargis, aliisimulia nyumbani kwetu mara zisizo idadi. Kila akifika mwisho, pale Radha anapompiga risasi mwanawe wa kumzaa kwa kuwa amemteka bibi harusi wa watu, hutua kijiko na kusema, "Alifanya sawa." Baba alikuwa akiinuka na kwenda kunawa mikono.

Usiku mmoja, miaka ya themanini, mimi mtoto wa madrasa, tulibishiwa hodi. Alikuwa mke wa jirani wa jengo la mbele, bibi harusi wa miezi michache, amevaa kiatu kimoja. Mama akamwingiza, akampa chai na mahamri yaliyobaki, akamlaza na dada zangu. Hakumuuliza kitu. Asubuhi Baba akavaa kanzu, akachukua wazee wawili kutoka msikitini, wakamsindikiza kwa mumewe. Ikasomwa Fatiha, yakaisha. Wiki chache baadaye wakahama, wengine wakasema Malindi, wengine Tanga. Hatukumuona tena. Kiatu chake cha pili Mama alikiokota kwenye ngazi za jengo lao, na kilikaa chini ya kitanda chake hadi tulipohama chumba kile.

Baba hakuwa mtu mbaya, na Maalim si mtu mbaya. Hilo ndilo gumu la jambo hili. Angekuwa mbaya, tungemnyamazia tu. Wao wanaamini kwamba ndoa ni jahazi, na kila mwenye kufungulia mtoro mlango anatoboa tundu. Mwacha mila ni mtumwa, wataniambia. Sawa, lakini mila ipi? Kwani kumfungulia anayebisha hodi usiku si mila? Pwani hii tumejisifu kwa ukarimu tangu majahazi ya Maskati, mgeni hata hatujui jina lake twamtandikia, halafu binti wa jirani akija na kiatu kimoja twamwitia wazee. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wahenga walisema. Yeye hakupewa hata hizo mbili.

Na mimi niliyeona kile kiatu kwa macho yangu, nikacheka juu ya paa.

Jumapili nilimwendea Maalim nikamwambia. Alinisikiliza, akanimiminia kahawa, akasema, "Ilikuwa mzaha, bwana." Nikamjibu najua, na mimi niliucheka. Tukanyamaza kidogo, tukahamia bei ya samaki.

Vijana wanauliza Ijumaa hii tutazame nini. Nimewaambia watakalo. Jumatatu, binti wa ghorofa ya tatu, yuko kidato cha pili, aliniomba riwaya aisome mwenyewe. Mamake akamfuata nyuma kuniuliza kama mna mambo ya mapenzi ndani. Nikamwambia yamo. Akafikiri, akamwambia bintiye, "Chukua, lakini usiisomee sebuleni."

Jana magharibi amerudi nayo, kafika katikati, kaweka kijiti cha kibiriti mahali alipofikia. Nilidhani ataniuliza habari za Denge.

"Ami," akasema, "Yasmin akishalala kitandani, huyo Mwajuma mwenyewe alikuwa alala wapi?"

Nimeisoma riwaya hii mara tano na sikuwahi kujiuliza. Nikawasha taa ya ngazi, tukakaa pale, tukaanza kutafuta.