Kubeti kwa hesabu: Ni elimu au ni kamari ile ile?

Kuna hoja imeanza kuzoeleka katika vijiwe vyetu vya mijini, na naona si vizuri kuiacha ipite bila kujibiwa. Hoja yenyewe ni hii: kamari iliyokatazwa ni ile ya kubahatisha, ya kurusha kete na kungoja bahati. Lakini mtu anayekaa na kalamu, akasoma takwimu za timu, akajua kwa nini namba za malipo zinapanda na kushuka, huyo hachezi kamari, bali anatumia elimu yake kama afanyavyo mfanyabiashara yeyote. Nimeisikia hoja hii kwa vijana wanaosali, tena wengine safu ya mbele. Ndiyo maana nimeona niichukulie kwa uzito wake, badala ya kusema tu "haramu" na kufunga mjadala.

Mfano niliopewa haukuwa wa mpira wa miguu, bali wa besiboli ya Marekani. Mchezo huo hatuuchezi na wengi wetu hatuujui, lakini umo kwenye simu za vijana wetu. Sababu inaeleweka. Ligi kuu ya huko ina timu 30, kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu, na kila kitendo cha mchezaji huandikwa kwa namba. Mwenye kupenda hesabu hapati uwanja mpana kuliko huo. Basi na tuutumie mfano huo huo.

Namba zinasema nini?

Tuseme timu ya kwanza imepewa 1.60 na ya pili 2.40. Maana yake, aliyeweka shilingi 1,000 kwa timu ya kwanza ikashinda, anarudishiwa 1,600, na wa timu ya pili anarudishiwa 2,400. Ukigawa moja kwa kila namba, unapata kwamba timu ya kwanza imekadiriwa kuwa na nafasi ya asilimia 62.5, na ya pili karibu asilimia 41.7. Jumlisha. Unapata asilimia 104 na ushee!

Hivi kuna jambo gani duniani lenye nafasi zaidi ya asilimia 100? Hakuna. Ile nne iliyozidi si nafasi ya timu yoyote, ni fungu la mchezeshaji. Watu wakiweka 62,500 upande mmoja na 41,700 upande wa pili, kampuni imekusanya 104,200. Timu yoyote ikishinda, inalipa kama 100,000 na kubaki na 4,200 hivi. Haikuhitaji kujua nani atashinda. Kwa hiyo namba hizo si utabiri mtupu kama wanavyodhani wengi. Ni bei ya dukani, na faida ya mwenye duka imeshatiwa ndani.

Kwa nini zinahama?

Namba hizo hazitulii. Sababu ya kwanza ni habari. Katika besiboli mtu muhimu kuliko wote ni mrushaji, yule anayemrushia mpinzani mpira ili aupige kwa gongo. Mrushaji anayeanza mchezo hucheza mara moja tu kila baada ya siku tano au sita, hivyo timu ya leo si ile ya jana. Ikitangazwa kuwa mrushaji hodari ameumia bega na hatacheza, ile 1.60 inaweza kuruka hadi 1.90 kwa dakika chache. Hata upepo una bei yake. Katika uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, upepo ukivuma kuelekea nje mipira huruka mbali na pointi huongezeka. Ukivuma kutoka ziwani kuingia uwanjani, pointi hupungua. Wanaobeti jumla ya pointi huona namba zikihama kwa ajili hiyo.

Sababu ya pili ni fedha. Timu yenye mashabiki wengi, kama New York Yankees, huwekewa pesa kwa mapenzi, na mchezeshaji anaweza kuishusha bei yake ili asielemewe upande mmoja. Lakini pesa zote hazina uzito sawa. Dau la mtu mmoja anayejulikana kuwa mjuzi linaweza kuisogeza namba kuliko madau madogo mengi ya watu wa kawaida.

Sasa tutazame kwa makini. Namba inapohama kutoka 1.60 hadi 1.90, ni nani aliyenufaika? Ni yule aliyejua kabla. Habari ikishafika kwenye simu yako, imeshafika kwa mwenye duka pia, na bei imeshabadilika. Unachokiita elimu mara nyingi ni habari ya jana unayouziwa kwa bei ya leo. Na ikitokea kweli umekuwa mjuzi, ukashinda mara kwa mara, makampuni mengi yatakupunguzia kiwango cha kuweka. Duka gani hilo linalomkaribisha mteja anayepoteza na kumfungia mlango anayepata?

Ukishinda, umekula cha nani?

Lakini sitaki kusimama hapo, kwa sababu hoja ya kwamba "utapoteza" si hoja ya dini. Tuwape vijana wetu kila wanachotaka. Tuseme wamejua kweli, na wanashinda kweli. Je, imekuwa halali?

Wanasema hata mkulima anabahatisha mvua, hata mfanyabiashara anabahatisha soko. Ni kweli, hatari ipo kila mahali. Lakini mkulima akipata, mahindi yapo ghalani na watu wanakula. Hakuna aliyelazimika kukosa ili yeye apate. Mfanyabiashara akiuza kanga, mnunuzi ameondoka na kanga na yeye amebaki na fedha, wote wawili wameridhika. Katika kubeti hakuna gunia wala kanga. Kilichopo ni fedha za waliokosa, na kila shilingi ya ushindi wako imetoka kwa mtu ambaye mkeka wake umechanika.

Hapo ndipo hoja ya elimu inapowageukia wenyewe. Kama umeshinda kwa bahati, umekula mali ya mwenzako bila kumpa kitu. Kama umeshinda kwa ujuzi, basi umekula mali ya mwenzako kwa sababu hakujua unachokijua wewe. Na mwenzako huyo si tajiri wa Marekani. Ni bodaboda, ni mama ntilie, ni kijana aliyeweka nauli ya kesho. Katika biashara, kumficha mnunuzi kasoro unayoijua tunakuita kughushi. Vipi basi kutojua kwa mwenzako kuwe ndiyo mtaji wako, halafu tuiite rizki ya halali? Elimu haikuisafisha kamari hiyo, imeizidishia ubaya.

Wapo wanaotaja habari ya Sayyidna Abubakar (RA), aliyewekeana dau na washirikina wa Makka kwamba Warumi watawashinda Wafursi. Lakini wanazuoni wengi wameeleza kuwa hilo lilikuwa kabla kamari haijaharamishwa. Tena tazama: yeye alikuwa na elimu ya yakini, kwani ushindi wa Warumi ulishatajwa katika Qur'an. Kamari ilipokatazwa, ilikatazwa kwa wote, bila kubaguliwa anayejua na asiyejua.

Bei inapofika kwa mchezaji

Ipo pia sababu ya tatu ya namba kuhama, na hii ni mbaya zaidi. Mwaka 1919, kabla ya fainali kati ya Chicago White Sox na Cincinnati Reds, pesa zilimiminika upande wa Cincinnati, timu iliyodhaniwa dhaifu, na namba zikahama. Ikaja kujulikana kuwa baadhi ya wachezaji wa Chicago walikuwa wamenunuliwa ili wapoteze. Wachezaji wanane waliachiwa na mahakama mwaka 1921, lakini ligi ikawafungia maisha.

Wengi walidhani yale yamepita. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ilifungua njia kwa majimbo kuruhusu kubeti michezo, na ikafika mahali watu wanabeti hata mrusho mmoja wa mpira. Novemba 2025, warushaji wawili wa timu ya Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishitakiwa kwa madai ya kupanga mirusho ili wabetiji wapate. Wote wawili walikana. Mara tu baada ya hapo ligi ilitangaza kuwa dau la mrusho mmoja lisizidi dola 200. Ukomo huo ni kukiri kwamba kitu kikishatiwa bei ya kamari, atatokea wa kukinunua.

Qur'an haikukataa kuwa kamari ina manufaa. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, manufaa hayo yametajwa, kisha tukaambiwa kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Na katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, tumeelezwa kuwa shetani anataka kwa kamari kutia uadui baina yetu na kutuzuia tusimkumbuke Mwenyezi Mungu na tusisali. Mchezo unaoanza saa moja jioni New York wakati wa kiangazi, hapa Dar es Salaam ni saa nane usiku, na huisha karibu na adhana ya alfajiri. Kijana aliyekesha na simu akingoja mrusho wa mwisho, atainuka kwenda msikitini?

Nisieleweke kwamba napiga vita hesabu. Mwaka 2002 klabu ya Oakland, isiyo na fedha nyingi, ilitumia takwimu hizo hizo kuchagua wachezaji ambao wengine hawakuwathamini, ikashinda michezo 20 mfululizo. Hesabu ni neema. Kijana anayeweza kukadiria nafasi ya timu asiyowahi kuiona anaweza kumkadiria mkulima mvua, hospitali dawa, na baba yake mtaji wa duka. Wazazi na maimamu tuwaoneshe vijana hawa milango hiyo, maana kuwakemea peke yake hakutoshi. Na wao wajiulize swali moja kabla ya kubonyeza: nikipata leo, nani amekosa, na nimempa nini?

Wabillahi tawfiq.