Neno Moja Katika Filamu ya Kale

Mwaka 2024 filamu ya Mary Poppins ilitimiza miaka 60, nayo ikarudishwa katika majumba ya sinema ya Uingereza. Ni filamu ya Walt Disney ya mwaka 1964, ambamo watu hai huimba na kucheza pamoja na wanyama wa kuchorwa. Ilipata tuzo 5 za Oscar, na watoto wa vizazi kadhaa wameipenda.

Safari hii, hata hivyo, bodi inayoainisha filamu nchini humo haikuipa tena daraja la kutazamwa na wote. Iliitia katika daraja linalowataka wazazi wawe waangalifu. Sababu ilikuwa neno moja, "Hottentots". Mzee mmoja, mkuu mstaafu wa jeshi la majini, hulitamka mara mbili. Awaonapo wafagia dohani juu ya mapaa, nyuso zao zikiwa nyeusi kwa masizi, hudhani ameshambuliwa na watu wa jina hilo, akawarushia fataki. Hapo watazamaji hucheka. Hoja ya bodi ilikuwa kwamba mtoto aweza kulirudia neno asijue ubaya wake.

Wapo walionung'unika kuwa huko ni kukuza jambo dogo. Basi na tuulize: neno hili limebeba nini?

Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika hawakujiita hivyo. Waliitwa hivyo na walowezi wa Kiholanzi. Mwaka 1810 Sarah Baartman alipelekwa London, akaonyeshwa kwa viingilio chini ya jina hilo. Alifariki Paris mwaka 1815, na mabaki yake hayakuzikwa kwao Afrika Kusini hadi mwaka 2002. Tena, kati ya 1904 na 1908, katika nchi ambayo leo ni Namibia, majeshi ya Kijerumani yaliwaua Wanama na kuwatia makambini. Yakadiriwa nusu yao waliangamia. Nao pia waliitwa kwa jina hilohilo. Hadithi ya filamu yetu imewekwa London, mwaka 1910. Machozi ya Wanama yalikuwa hayajakauka.

Hatudai kwamba watungaji wa filamu walikusudia uovu. Twasema tu kwamba mzaha ule ulihitaji jambo moja ili uchekeshe: mwenye jina asiwemo ukumbini. Nasi twaona hicho ndicho kipimo cha mzaha. Neno usiloweza kulitamka mbele ya mwenyewe, ukamtazama usoni, si utani. Ni dharau iliyovikwa kicheko.

Je, neno hilo likatwe? P. L. Travers, aliyetunga kitabu cha Mary Poppins mwaka 1934, alirekebisha mwenyewe sura moja iliyowadhihaki watu wa mataifa mengine, mwaka 1967 na tena mwaka 1981. Hiyo ilikuwa haki yake, maana mtunzi aliye hai aweza kutubu. Lakini sisi tukiikata kazi ya waliotutangulia, twafuta ushahidi, na mficha maradhi kilio humfichua. Bodi haikuikata filamu. Iliacha neno, ikatoa onyo. Twaafiki. Ila onyo peke yake halimfundishi mtoto. Hana budi awe na mkubwa wa kumweleza.

Wala tusiwacheke Waingereza. Neno "zeruzeru" limetamkwa kwetu kwa mzaha miaka mingi, na watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa katika nchi yetu hii. Hatusemi kicheko ndicho kilichoshika panga. Lakini aliyezoea kumcheka mwenzake kama kioja hakukawia kumdhani si mtu.

Ndugu mwalimu, hapo ndipo kazi yako ilipo. Filamu na ionyeshwe, wimbo uimbwe, watoto wafurahi. Kisha taa zikiwashwa, waulize: yule aliyetajwa, angekuwa ameketi kando yenu, mngecheka?