Mwenye Nguvu Mpishe?

Hebu tujiulize, ndugu msomaji: barabara ni ya nani? Utajibiwa haraka kwamba ni ya umma. Haya, simama kando ya Thika Road, iliyokamilika mwaka 2012, ulitazame daraja la waendao kwa miguu. Mwenye gari, ambaye amekaa kitako injini ikimfanyia kazi yote, kapewa njia iliyonyooka. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni ndiye anayeambiwa apande, avuke, ateremke. Akikatiza chini twamwita mjinga. Akigongwa, shauri yake.

Mimi simwoni mjinga. Kapiga hesabu tu, kama vile dereva angepiga lau angeambiwa azime gari alisukume hadi ng'ambo.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Lilikuwa onyo kwa mnyonge ajiokoe, halikuwa ramani ya kujengea mji. Injinia akilichukua akalimwagia zege, basi imekuwa dhuluma ya kudumu, isiyohitaji hata mtu mwovu wa kuitenda.

Wasee watakwambia: si kila mtu agawiwe sawa tu, yaishe? Lakini sawa kwa kipimo gani? Gari na mtu wakigongana hawaumii sawa. Anayeweza kuua ndiye wa kupunguza mwendo. Kijia, kivuko, matuta, ukingo uliolazwa ili kiti cha magurudumu kipite, hizo si hisani. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma. (Wachuuzi wa vijiani ni mada ya siku nyingine, na si ndogo.)

Nairobi yaijua hoja hii. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera ya waendao kwa miguu na baiskeli, ikaahidi asilimia 20 ya fedha za barabara. Karatasi safi kabisa. Mwaka 2022 serikali kuu nayo ikafungua Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia, marufuku kwa miguu na hata kwa bodaboda.

Kusema kweli, vijia vizuri vipo. Kenyatta Avenue na Wabera Street zilitengenezwa, ukipita utafurahi. Lakini anayetoka Mukuru alfajiri kwenda kibarua Industrial Area hapiti Wabera Street. Yeye hufuata ukingo wa lami, giza bado halijaisha, malori yakimpigia honi kutoka nyuma.