Mchague Mgonjwa Kwanza, Dawa Baadaye

Vijana wa Kericho na Bomet, nyinyi mliomaliza Kidato cha Nne na mnasubiri KUCCPS ifungue maombi ya vyuo, nisikilizeni. Na nyinyi wazazi mnaochuma chai ili hawa wasome, msigeuze ukurasa, kwa maana neno hili ni lenu pia.

Kuna kazi mpya inayovuma duniani, na habari zake zimefika Litein, Sotik na Kapkatet kupitia simu zilizo mikononi mwenu. Ni kazi ya kutibu magonjwa ya akili kwa dawa zinazogeuza fahamu za mtu kwa saa kadhaa: silosaibini inayotoka kwenye uyoga, MDMA, LSD, na ketamini, ambayo mara nyingi hutajwa pamoja nazo. Wataalamu huziita dawa za saikedeliki. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani na Imperial College ya London vilifungua vituo vya kuzichunguza. Tangu Julai 1, 2023, Australia inawaruhusu madaktari wa akili walioidhinishwa kuwaandikia wagonjwa fulani silosaibini na MDMA. Ndipo kijana wetu anauliza: nisomee shahada gani ili niingie humo?

Nalipokea swali hilo kwa furaha, maana nchi hii ya chai ina kiu ya watu wa kutibu nafsi. Ila nakusihi ulianzie upande wa pili. Kabla ya kuulizia dawa, mwulizie mgonjwa. Ni nani?

Ni mama anayetoka shambani adhuhuri na kikapu mgongoni, akasimama kwenye foleni ya mizani pale kituo cha kununulia chai. Karani anamwita jina mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, haitiki. Si kiziwi. Usingizi ulimkimbia miezi mingi iliyopita na haujarudi. Ni baba wa watoto wanne ambaye malipo ya mwezi yanaishia kwa muuza chang'aa kabla hajafika nyumbani, naye asubuhi anajichukia kuliko anavyochukiwa na mkewe. Ni mtu aliyekuwa Makutano ya Londiani jioni ya Juni 30, 2023, lori lilipoacha njia na kuwavamia wachuuzi na abiria, watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Aliondoka pale bila hata mchubuko, lakini akisikia honi ya lori leo, mwili wote unatetemeka.

Ni dada wa mashamba makubwa ya chai. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake wa Kericho walieleza jinsi wasimamizi walivyowadai miili yao ili wapate kazi. Na ni ukoo wa Talai, walioondolewa Kericho kwa nguvu na serikali ya kikoloni mwaka 1934 wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wajukuu bado wanabeba kilio cha babu zao. Hawa ndio wagonjwa wako. Kama hujawaona, shahada yoyote utakayochagua itakupeleka mbali nao.

Nani yupo kuwatibu? Mwaka 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Madaktari bingwa wa akili ni wachache mno kwa taifa lililohesabiwa watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, na wengi wao wako Nairobi. Hadi juzi, aliyejaribu kujiua na kushindwa alipelekwa kortini badala ya hospitalini. Ni Januari 9, 2025 tu ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Mlango wa jela umefunguliwa, lakini aliyetolewa humo bado hana wa kumpokea. Mpokeeni nyinyi!

Sasa njooni tuitazame tiba yenyewe kwa karibu, kwa sababu wengi wanaisifu bila kujua inavyofanyika. Mgonjwa hapewi kidonge akaenda nacho nyumbani. Anakutana kwanza na wataalamu mara kadhaa, anaeleza maisha yake, anapimwa moyo, anaulizwa kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua wazimu. Siku yenyewe analala kwenye kochi, amefunikwa macho kwa kitambaa, muziki unacheza polepole, na kando yake amekaa mtaalamu, mara nyingi wawili, kwa saa 6 au zaidi. Anaweza kulia. Anaweza kuona kaburi la mamaye. Anaweza kushika mkono wa aliye karibu na kumsihi asimwache. Siku zinazofuata wanakaa tena na kuzungumza juu ya yote aliyoyaona, ili yamsaidie kuishi.

Mwaka 2022 kulichapishwa jaribio la silosaibini kwa watu 233 wenye sonona iliyoshinda dawa za kawaida. Waliopewa dozi moja ya miligramu 25, wiki ya 3 watu 29 katika kila 100 walikuwa wametoka kwenye sonona. Waliopewa miligramu 1, ni 8 katika 100. Hilo ni jambo kubwa, na ninamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao. Lakini hesabuni pia 71 waliobaki, na kumbukeni kuwa kadiri wiki zilivyosonga nguvu ya dawa ilipungua kwa baadhi ya waliopona. Mwaka huohuo watafiti wa New York waliwapa silosaibini pamoja na ushauri watu waliotekwa na pombe. Kati ya 93 waliopewa dawa, wale wa silosaibini walikuwa na siku za ulevi mkubwa karibu 10 katika 100, na wale wa dawa ya kulinganishia karibu 24. Ewe binti wa yule baba wa chang'aa, najua moyo wako umeruka kusikia hayo. Uache uruke. Kisha ukae chini usome.

Kwa maana kuna jambo la kutisha ndani ya chumba kile, nami sitalifunika. Mtu aliyelala pale hawezi kujitetea. Amefunguka kama mtoto. Akiguswa asivyotaka, hana nguvu ya kusema hapana. Mwaka 2024 jarida moja la kisayansi liliondoa makala tatu za utafiti wa MDMA kwa sababu ya mwenendo usiofaa wa watabibu katika kituo kimoja, na Agosti mwaka huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kwa tiba ya kiwewe, ikataka jaribio jingine. Washauri wake walikuwa wamelalamika kwamba karibu kila mgonjwa alijua kama amepewa dawa au la, na kwamba baadhi ya madhara hayakuandikwa ipasavyo. Sisi wa nchi ya chai tunajua vizuri kuliko wengi kinachotokea mwenye uwezo anaposimama mbele ya asiyeweza kukataa, na hakuna anayeangalia. Kijana asiyejizuia kwa mwanamke aliye macho na mwenye nguvu zake asikaribie chumba hicho kamwe. Asome kazi nyingine!

Basi, shahada gani? Chagua ile itakayokupa leseni ya kumgusa mgonjwa, au ujuzi wa kuipima dawa, hata kama silosaibini haitaingia Kenya maisha yako yote. Hapo ndipo ninaposimama, na sitasogea. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inadhibiti vitu hivi kwa adhabu kali. Anayetaka kuvijaribu kwa wagonjwa lazima apitie kamati ya maadili, Bodi ya Dawa na Sumu, na tume ya utafiti ya NACOSTI, na hakuna atakayempa kibali mtu mwenye cheti cha kozi ya wiki chache alichokinunua mtandaoni. Vyeti vya juu vya tiba hii vipo, kama kile cha California Institute of Integral Studies kilichoanza mwaka 2016, lakini vimetengenezwa kwa watu ambao tayari ni madaktari, wauguzi, wanasaikolojia au viongozi wa dini waliofunzwa. Ni ghorofa ya pili. Usijenge ghorofa ya pili hewani.

Ukiwa na alama za udaktari, usizidharau. Ni miaka 6, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini, kisha ubingwa wa magonjwa ya akili, kama ule unaofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Ni njia ndefu, lakini kule Australia ambako silosaibini na MDMA zinaruhusiwa kwa wagonjwa fulani, daktari wa akili ndiye anayeshika kalamu. Ukiwa na alama za chini ya hapo, sikia neno hili na ulishike: uuguzi si kitanda cha walioshindwa. Chuo cha Tenwek pale Bomet kimefundisha wauguzi kwa miaka mingi, na chuo cha tiba cha KMTC kiko Kericho na Kapkatet. Muuguzi anaweza kuwa mmoja wa wanaokaa na mgonjwa zile saa 6. Afisa wa kliniki anaweza kuendelea hadi stashahada ya juu ya magonjwa ya akili, akarudi hospitali ya kaunti ndogo ambayo haijawahi kuwa na mtu kama yeye.

Saikolojia nayo ni njia ya kweli, ila muijue ilivyo. Shahada ya kwanza ya miaka 4, Daystar au USIU au Nairobi, haikufanyi mtabibu. Unahitaji ya uzamili katika saikolojia ya tiba na kusajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Ukikubali hivyo, nenda kwa nguvu zote. Karibu yetu, Eldoret, watafiti wa mpango wa afya wa AMPATH waliwafunza washauri wasio na shahada za saikolojia kuendesha tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa Ukimwi wanaokunywa, na matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha unywaji ukipungua. Bila uyoga. Kwa mazungumzo, katika vikundi, kwa lugha ya watu wenyewe. Mkenya Tom Osborn na wenzake wa shirika la Shamiri walifanya vivyo hivyo kwa wanafunzi wa sekondari: vikao vinne tu vinavyoongozwa na vijana, na sonona ikapungua. Anayejua kufanya kazi hiyo ndiye atakayejua la kufanya dawa itakapokuja.

Na wewe unayependa kemia, mimea na hesabu, usijione umeachwa. Kule Gabon gome la mzizi wa iboga ni sakramenti ya wafuasi wa dini ya Bwiti, na dawa itokayo humo, ibogaini, inachunguzwa kwa uraibu. Lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua, na mfamasia ndiye anayejua hatari hiyo inaanzia wapi. Kule Mexico, mganga María Sabina aliwafungulia wageni siri ya uyoga wa kabila lake. Dunia ikatajirika kwa elimu hiyo, yeye akafa maskini mwaka 1985. Tunahitaji wataalamu wa mimea watakaoandika elimu ya wazee wetu wa miti shamba bila kuwaibia. Takwimu nazo, mzipende! Kericho imekuwa mwenyeji wa utafiti wa Ukimwi wa KEMRI na taasisi ya Walter Reed kwa zaidi ya miaka 20, na wafanyakazi wa chai walijitolea kuchunguzwa. Utafiti wa namna hiyo unasimama kwa anayeweka kumbukumbu bila kudanganya na anayemweleza mama wa shambani anachokubali kabla hajaweka kidole gumba.

Tena ketamini iko hapahapa. Imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na vyumba vyetu vya upasuaji huitumia kuwalaza wagonjwa usingizi. Marekani iliidhinisha dawa ya pua ya jamii hiyo kwa sonona sugu mwaka 2019. Dawa ya kwanza ya aina hii kuwafikia watu wa Bomet yaelekea itatoka kwenye kabati hilo, mikononi mwa mtu mwenye leseni.

Mkumbukeni Danieli na wenzake watatu kule Babeli. Walikaa miaka mitatu wakijifunza elimu na lugha ya Wakaldayo, elimu ya kigeni kabisa, wakaijua kuliko wenyeji. Lakini meza ya mfalme hawakuigusa. Msiiogope elimu hii kwa sababu imetoka mbali. Isomeni hadi muwashinde waliowafundisha. Ila msionje dawa zenyewe vichakani kwa jina la utafiti; aliyeonja amejifunza habari za kichwa chake tu, na wako ambao kichwa hicho hakikurudi. Nanyi mnajua mchai mchanga hauchumwi: hukatwa, matawi yakainamishwa, hadi juu yake pawe bapa kama meza. Kubalini kukatwa.

Wazazi, malipo ya bonasi ya chai yakiingia, kabla ya mabati mapya na kabla ya pikipiki, wekeni karo. Na msimkataze binti kusomea magonjwa ya akili kwa kuogopa kwamba wazimu utamwambukiza au watu watasema.

Na wewe kijana, wiki hii, kabla hujajaza chaguo lolote, nenda hospitali ya Longisa au ya Kericho, ulizia ni nani anayewahudumia wagonjwa wa akili. Mwombe nusu saa. Mwulize alisomea nini, ni wagonjwa wangapi anawaona kwa siku, wangapi hurudi, na ni ujuzi gani angetaka kijana wa kwanza kuja kumsaidia awe nao. Andika majibu yake, uende nayo unapojaza fomu.